Jina Lililobaki Kumbini

Ilianza na makopo. Siku moja Valentini alirudi nyumbani kwake Mtanda, ambapo uani ana kibanda cha kutengenezea baiskeli, akakuta makopo ya maziwa ya unga yamepangwa chini na kuunganishwa kwa vipande vya mpira aliokuwa ameutunza kwa ajili ya viraka. Kila kopo lilikuwa limeandikwa tarakimu kwa chaki. Katikati alichuchumaa mpwa wake, Ignasi Likwata, mtu mzima mwenye ndevu, akihamisha kokoto kutoka kopo moja hadi jingine huku midomo yake ikicheza kama ya mtu anayesali rozari.

Valentini alimuuliza kama ameanza uganga. Likwata akacheka, akasema anajifunza mitandao ya kompyuta. Kopo ni rauta, kokoto ni ujumbe, na kazi ya rauta ni kujua ujumbe upite njia ipi ili ufike unakokwenda. Rauta yenyewe hakuwa nayo, na hakumjua mtu wa Lindi ambaye angemruhusu kuichokonoa ya kwake. Kwa hiyo alitumia makopo.

"Na mipira yangu," Valentini alisema.

"Na mipira yako, mjomba."

Hiyo ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yameshauzwa, na kampuni za simu zikishindana kusimamisha minara kando ya barabara. Vijana waliokuwa wakingoja kuajiriwa na serikali waliambiwa wasingoje tena. Likwata alikuwa amepata kibarua kwenye duka la intaneti karibu na stendi, mahali ambapo mteja aliweza kufungua ukurasa, akaenda kunywa chai, akarudi na kukuta picha imefika mabegani. Yeye ndiye aliyezifufua kompyuta zilipozimika. Alijifunza kwa kufungua na kuharibu, na baadaye kwa kufungua bila kuharibu.

Bwana mmoja aitwaye Jerome, meneja wa kampuni ya minara, alipita pale akamwona akifanya kazi. Alimwambia maneno ambayo Likwata aliyarudia nyumbani jioni ile mpaka Justa, mke wa Valentini, akayajua kwa moyo: akili unayo, lakini akili haina mhuri. Alimweleza kwamba upo mtihani wa kimataifa wa mitandao. Anayeufaulu hupewa cheti kinachotambulika Dar, Nairobi na hata Ulaya, na hakuna atakayemuuliza alisoma chuo gani.

Basi Likwata akatafuta kitabu. Alichopata ni kivuli cha kitabu, nakala ya nakala, kinene kama tofali la saruji, Kiingereza kitupu, na kurasa nyingine zimefifia kama zimefuliwa. Kidato cha nne alikuwa amekimaliza, lakini Kiingereza cha kidato cha nne ni cha kujibia mtihani, si cha kuelewea jambo. Alisoma na kamusi pembeni. Aliyoyaogopa zaidi yalikuwa mahesabu ya kugawa anwani za mtandao mafungu kwa mafungu, maana hayo yalitakiwa kufanywa kichwani, saa ikikimbia kwenye kioo cha kompyuta. Na swali ukishalipita halirudi. Huwezi kusema nitaliruka nilirudie baadaye.

"Huo si mtihani," Valentini alisema. "Huo ni uchoyo."

Mara ya kwanza alishindwa. Alifika Dar tope la Ndundu likiwa mpaka magotini, kwa sababu basi lilikwama na abiria wakashuka kusukuma, akaingia moja kwa moja kwenye chumba chenye baridi ya mashine na kukaa mbele ya kompyuta akitetemeka. Alama alizopungukiwa zilikuwa chache, lakini ada haikurudi. Ilikuwa ada ya korosho za Justa za msimu mzima. Justa alimwekea chakula, akamwambia ale kwanza, mengine yatazungumzwa. Hayakuzungumzwa. Msimu uliofuata alitoa tena.

Mara ya pili alifaulu. Cheti kilipofika kwa sanduku la posta la parokia, Valentini alikipokea kwa mikono miwili baada ya kunawa grisi kwa mafuta ya taa na sabuni. Yeye aliacha shule darasa la nne, na siku zote alisema hajaona cheti kilichoziba pancha. Lakini hiki alikishika muda mrefu. Kilikuwa na sahihi ya mzungu na jina la mpwa wake kwa herufi kubwa: Ignasi Likwata. Alitaka kukipeleka kwa fundi seremala kitiwe fremu. Likwata akamwambia asijisumbue, kwani kinadumu miaka mitatu tu.

"Kinadumu vipi?"

"Baada ya miaka mitatu kinakufa, mjomba. Mitambo inabadilika. Natakiwa nifanye mtihani mwingine ndipo kihuishwe."

Valentini alimtazama mke wake, akamtazama mpwa wake. "Ubatizo wangu una miaka arobaini na minane na haujaoza. Hiki ni cheti au ni samaki wa Sudi?"

Justa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Likwata naye alicheka, lakini kidogo.

"Basi wakupe kazi upesi," Valentini alisema, "kabla hakijaanza kunuka."

Na kazi ikaja. Kampuni ya Jerome ilisimamisha mnara Mingoyo, ikawa inahitaji mtu mmoja wa kuangalia mitambo kuanzia hapo mpaka Kilwa. Jerome alimtaja Likwata. Alimhoji, akampa vifaa avifunge na kuvifungua, akaridhika. Kilichobaki kilikuwa kupeleka vyeti makao makuu, na huko ndiko mambo yalikokwama. Cheti cha mitandao kilisema Ignasi Likwata. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na jina jingine kabisa. Makao makuu wakasema hawa ni watu wawili. Kama ni mtu mmoja, alete kiapo cha mahakama kabla ya mwisho wa mwezi. Asipoleta, nafasi itajazwa.

Jina hilo jingine halitaandikwa hapa, na sababu yake ni hii.

Likwata alipozaliwa, bibi yake alimpa jina la utoto, na kwa jina hilo akaandikishwa darasa la kwanza. Alipokwenda jando alikuwa tayari anasoma. Kwa watu wa kwao, mtoto anayeingia kumbini, kwenye kibanda cha jando, si yule anayetoka. Siku ya kutoka, kumbi huchomwa moto pamoja na mikeka na matambara yote, na vijana hukimbia bila kugeuka nyuma. Jina la utoto linaachwa humo liungue. Wanapewa majina mapya, na tangu hapo mtu akimwita mmoja wao kwa jina la zamani amemvua utu uzima mbele ya watu. Si tusi la kusameheana kwa soda. Zamani mkosaji alilipa mbuzi, na bado watu hawakusalimiana miaka. Na mgeni akija kumuulizia kijana kwa jina lile, jibu ni moja, wanalofundishwa wote: hayupo, kwetu hayupo mtu huyo.

Mwaka ule Valentini ndiye aliyewasimamia vijana. Yeye ndiye aliyewafundisha jibu hilo, akawarudisha kwa fimbo waliokosea. Yeye ndiye aliyetia kiberiti. Jina la Likwata lilikuwa la kaka yake marehemu, naye mwenyewe ndiye aliyempa. Katekista akaja baadaye kidogo na Ignasi wake wa ubatizo. Ila mwalimu mkuu alikataa kubadilisha chochote, akisema rejesta ya serikali haifutwi kwa sababu ya ngoma. Nani aligombana naye? Hakuna. Ilionekana ni jambo la shuleni, na la shuleni lingeishia shuleni. Siku za mtihani Likwata aliandika jina lile kwenye karatasi akiwa amekaza macho, na hakuna aliyelitamka. Alipokua, kadi ya kura na leseni alivichukua kwa jina lake la utu uzima, kama mtu yeyote mwenye heshima angefanya. Na kwa mtihani wa mitandao walitaka jina lifanane na vitambulisho, herufi kwa herufi. Akaandika alichoitwa. Ndilo kosa lake lote.

Likwata alipokwenda mahakamani, hakimu alisema hataki kiapo cha mwenye jina peke yake, maana watu wamezoea kutumia vyeti vya ndugu zao. Alitaka mzee wa ukoo aliyemjua tangu kuzaliwa. Mama yake Likwata alikuwa amefariki. Baba yake alivuka Ruvuma zamani kurudi kwao Msumbiji na hajasikika. Mwalimu mkuu yule alikuwa kaburini. Alibaki Valentini.

Likwata alikuja kibandani, akaketi juu ya gurudumu, akazunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Valentini alikuwa akisafisha mnyororo. Aliyaelewa yote kabla hayajaisha, lakini alimwacha amalize.

"Andika wewe mwenyewe," alisema mwishowe.

"Hawataki kuandikiwa. Wanataka kusikia."

"Mwambie hakimu nimekufa."

"Mjomba, mimi mwenyewe nimelisamehe. Hata ukilitamka sokoni, sina kinyongo."

"Si lako la kusamehe," Valentini alisema. "Mimi ndiye niliyechoma."

Justa alimngoja Valentini mpaka wakati wa kula. Alimwambia kwamba korosho zake hakuzitoa ili ziliwe na kumbi lililoungua zamani. Akamuuliza, hilo neno lina uzito gani mdomoni, kilo ngapi. Akamwambia, kijana amejifunza kwa makopo, amesukuma basi kwenye tope, ameshindwa na kurudi, wewe unaombwa neno moja. Valentini alijua mke wake anasema kweli. Kujua kweli na kuweza kuifanya ni mambo mawili, na hilo halieleweki kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya moto ule.

Hata hivyo alijaribu. Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba kwenye mihogo, ambako hakuna mtu, akafungua mdomo. Ulimi ulinyanyuka, ukashuka. Akajaribu tena, akakohoa. Akajiambia kwamba huenda hakimu atalisoma mwenyewe, naye atatakiwa kuitikia tu. Ndiyo. Neno ndiyo alikuwa analiweza. Alilirudia mara nyingi, ndiyo, ndiyo, mpaka kuku wa jirani wakakusanyika wakidhani wanaitiwa pumba.

Siku ya mahakama alivaa shati la Pasaka. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani, mtu wa bara, mwenye haraka lakini si mwenye roho mbaya. Kesi nyingine zilikuwa zinangoja, na kwenye mabenchi walikaa watu wa Mtanda ambao Valentini aliwajua, wawili kati yao vijana waliotoka kumbi lile lile. Aliapishwa kwa Biblia. Aliulizwa jina lake, kazi yake, na yule aliyesimama pale ni nani kwake. Akajibu vizuri, ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nimemlea. Likwata alimtazama kwa shukrani.

Kisha hakimu alichukua cheti cha shule, akalisoma lile jina. Alilisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei ya sukari.

Vijana wawili kwenye benchi waliinamisha vichwa. Mzee mmoja alitoka nje.

"Unamfahamu mtu mwenye jina hili?" hakimu aliuliza.

Valentini alikuwa na ndiyo yake tayari. Aliihisi kabisa, iko nyuma ya meno. Lakini swali lilikuwa lile lile, limekuja kwa umbo lile lile alilowafundishia vijana asubuhi baada ya asubuhi, na mdomo wake ulijibu kabla yeye hajafika.

"Hayupo," alisema. "Kwetu hayupo mtu huyo."

Hakimu aliinua macho. "Hayupo kwa vipi? Amekufa? Amehama? Au hakuwahi kuwapo?"

"Hayupo."

"Mjomba," Likwata alisema kwa sauti ya chini.

Valentini alitaka kurudi nyuma, aeleze, aseme kumbi, aseme moto. Lakini mambo ya kumbini hayasemwi mbele ya mwanamke, wala mbele ya wasioingia, na pale palijaa watu wa aina zote mbili. Kila mlango aliougusa ulikuwa umefungwa kwa mkono wake mwenyewe.

Hakimu alivua miwani. Alimwambia Likwata kwamba shahidi aliyemleta mwenyewe amemkana. Mmoja wenu, alisema, ananidanganya, na mmeapa wote. Angeweza kuwaweka ndani, ila alimwonea huruma mzee. Mhuri hakugonga. Akamwambia Likwata atafute shahidi mwingine, kisha arudi mahakama itakapotoka likizo. Likizo ilikuwa inaanza siku chache baadaye, na mwisho wa mwezi ulikuwa ndani yake.

Nje, Likwata hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu. Aliichukua baiskeli ya mjomba wake, akaisukuma, wakatembea pamoja mpaka karibu na nyumbani.

"Ulitufundisha vizuri, mjomba," alisema. Hakuwa na kejeli yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Valentini zaidi.

Mwezi ukaisha. Jerome alipiga simu, akasema anasikitika, amejitahidi, lakini uamuzi haukuwa wake. Likwata alisema anaelewa, akamshukuru. Kila mtu alimshukuru kila mtu. Justa alihamisha kitanda chake kwenda chumba cha wageni, akisema ni kwa sababu ya joto.

Wiki iliyofuata Valentini alijaza upepo magurudumu yake, akaondoka bila kuaga. Alikwenda Mingoyo. Mnara ulionekana tangu mbali, mwekundu na mweupe, na chini yake kulikuwa na uzio na kibanda cha bati kinachonguruma. Mlangoni alimkuta kijana mwembamba ameshika kebo, shati limechomekewa, viatu bado vya Dar. Alikuwa Alex, fundi aliyeletwa kujaza nafasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Valentini hakukaa. Alisema amekuja kutoa ushahidi. Alex alidhani mzee amepoteza njia ya polisi, akataka kumwelekeza. Valentini akamwambia hapana, ni hapa hapa kwenye kampuni. Yule kijana wa Lindi mwenye vyeti viwili ni mtu mmoja. Mimi ni mjomba wake. Jina lake la utoto ni hili.

Akalisema.

Lilitoka kirahisi. Hapakuwa na moto, hapakuwa na mtu aliyeinamisha kichwa. Jenereta iliendelea kunguruma.

"Nani, mzee? Samahani, mashine inapiga kelele. Rudia."

Valentini akalisema tena, kwa nguvu, mpaka muuza machungwa ng'ambo ya barabara akageuka.

Alex alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ni fundi tu, mambo ya ajira yako makao makuu, na hata huko wameshafunga faili. Alisema habari za jamaa huyo anazisikia, na kwamba alichokifanya, kufaulu bila kugusa rauta, yeye mwenyewe asingeweza. "Mimi nilisomea kwenye mitambo, mzee. Na cheti changu kinaisha mwakani. Sijui nitapata wapi muda wa kusoma, huku niko peke yangu mpaka Kilwa." Alicheka kidogo, cheko la mtu asiyelala. Akampa Valentini maji ya kunywa. Wakati mzee anapanda baiskeli, Alex alimpungia mkono, akatuma salamu. Alimtaja mpokea salamu kwa jina lile alilolisikia muda huo, lote, kwa heshima kabisa. Alisema amwambie asikate tamaa.

Valentini alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Uani, Likwata alikuwa ameyakusanya makopo. Alikuwa anafungua vipande vya mpira kimoja kimoja, anavinyoosha, anavipanga juu ya benchi. Cheti kilikuwa ndani ukutani, kwenye fremu ambayo Valentini alikwenda kuiagiza hata hivyo, na miaka yake mitatu ilikuwa inakwenda.

"Mipira yako hii, mjomba," Likwata alisema bila kugeuka. "Miwili imekatika. Umetoka wapi?"

"Mingoyo."

"Kuna nini Mingoyo?"

"Baiskeli ya mtu."

Likwata aliitikia kwa kichwa. Aliinama kuokota kokoto, akazitupa moja moja nje ya ua. Valentini alitaka kumwambia aziache, asiyafungue makopo, cheti bado hakijaoza, mahakama itatoka likizo, yeye atasimama tena. Alifungua mdomo amwite kama alivyomwita miaka yote, kwa jina la kaka yake. Jina lililokuja mbele halikuwa hilo. Lilikuwa lile jingine, limeshajua njia, limekaa kwenye ncha ya ulimi linangoja.

Akafunga mdomo. Alichukua spana, akagonga rimu mara moja ili mpwa wake ageuke.